Barua ya wazi kwa halmashauri za Dodoma na Singida: Ulowesheni udongo kabla mvua haijaulowesha

Kwa Wakurugenzi Watendaji, Wahandisi wa Ujenzi na Kamati za Ujenzi za vijiji na kata,
Halmashauri za mikoa ya Dodoma na Singida.

YAH: KUPIMA UDONGO KABLA YA KUCHIMBA MSINGI WA DARASA, ZAHANATI NA LAMBO





Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya udongo hapa Dodoma. Kazi yangu ni kuchekecha, kuloweka, kukausha na kupima udongo ulioletwa na watu wengine, kisha kuandika namba. Sichori majengo wala sitoi fedha, na kwa kawaida maneno yangu huishia kwenye taarifa ya majaribio yenye sahihi na muhuri. Safari hii naandika hadharani kwa sababu sampuli nyingi zinazotoka kwenye miradi midogo ya halmashauri hunifikia ukuta ukiwa umeshapasuka. Wakati huo namba zangu zinafaa kumtafuta mwenye kosa, lakini haziwezi kuokoa jengo.

Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ardhi inakauka tu, na hiyo ndiyo miezi tunayojengea: fedha za mwaka mpya wa fedha zimeanza kushuka, barabara zinapitika, mafundi hawako mashambani. Anayechimba msingi mwezi Septemba anaukuta udongo ukiwa na nguvu kuliko wakati wowote. Sururu inadunda. Fundi anafuta jasho na kusema, “Hapa pagumu, mheshimiwa, hata futi mbili zinatosha.” Mwenyekiti wa kamati anaafiki, mhandisi mwenye miradi mingine kumi kichwani anaafiki, zege linamwagwa.

Ugumu huo ni wa kiangazi. Udongo ukikauka, maji machache yanayobaki kwenye vitundu vyembamba kati ya chembe huzivuta chembe hizo zikabana, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo mvuto unavyozidi. Mvua ikiingia, mvuto unakwisha. Kinachobaki ni udongo wenyewe, na huo ndio utakaobeba darasa miaka yote ijayo. Ndiyo maana katika nchi kavu kama yetu swali la maabara ni moja tu: udongo huu utafanya nini siku utakapolowa? Kipimo kisichojibu swali hilo ni karatasi, hata kiwe na mihuri mitatu.

Nianze na udongo mweusi wa mbuga, maana ndio ninaoletewa zaidi. Hakuna mtu wa kwetu asiyeujua. Masika unashika tairi mpaka gari linalala njiani, kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Ndani yake mna madini ya jamii ya smektaiti, yenye tabaka nyembamba mno, na maji hupenya katikati ya tabaka hizo na kuzitanua. Yakitoka, zinarudiana. Ardhi inapanda na kushuka kila mwaka, na ukuta ulio juu yake unapandishwa na kushushwa pamoja nayo.

Kipimo cha kwanza cha udongo huu ni cha bei nafuu kiasi kwamba naona haya kukiita kipimo. Unachukua mililita 10 za udongo mkavu uliopita kwenye chekeche ya milimita 0.425, unaumimina taratibu katika silinda ya mililita 100 yenye maji yaliyotoneshwa, unauacha kwa saa 24. Kesho yake unasoma. Holtz na Gibbs, Wamarekani waliokiandikia mwaka 1956, walionya kwamba udongo unaoongezeka kwa asilimia 100, yaani mililita 10 zikawa 20, unaweza kuleta madhara makubwa kwa majengo mepesi. Chini ya asilimia 50 ni nadra kuleta matata.

Kipimo cha pili kinamwonyesha hata asiyejua kusoma grafu. Udongo unakorogwa na maji mpaka uwe uji mzito, unajazwa kwenye kihori cha chuma chenye urefu wa milimita 140, unasawazishwa kwa kisu, unakaushwa polepole kisha unaingizwa kwenye oveni. Ukirudi, udongo wa kichanga uko vile vile ulivyouacha. Ule wa mbuga umejivuta kutoka kwenye ncha zote mbili, umepinda na kuinuka katikati. Unapima urefu uliobaki. Ukikuta milimita 118, umepoteza karibu asilimia 16 ya urefu wake, na hakuna haja ya kumshawishi mtu. Laiti ningeweza kukiweka kihori kile mezani kwenye kila kikao cha kamati ya ujenzi.

Hapa pana kosa moja la kufikiri ambalo nalisikia kila mahali, hata kwa watu waliosoma: kwamba darasa ni jengo dogo, la chini, kwa hiyo halihitaji kupimiwa udongo, kupima ni kwa maghorofa. Kwa udongo unaovimba, ukweli umegeuka. Ukuta wa darasa unaukandamiza msingi wake kwa kilopaskali 40 au 50 hivi. Udongo mweusi ukizuiwa kuvimba unaweza kusukuma juu kwa kilopaskali 200 na zaidi. Ghorofa lina uzito wa kushindana nao. Darasa, zahanati na nyumba ya mwalimu havina. Tena mwenye ghorofa hupima bila kuambiwa, kwa sababu benki yake na mhandisi wake hawatamwacha. Anayehitaji kipimo kuliko wote ndiye asiyepimiwa.

(Wazee wa Kigogo walikuwa na tembe, nyumba ya fito na udongo yenye paa bapa la udongo. Nguzo na fito hukubali kujipinda kidogo ardhi inapocheza, na ufa ukitokea unapakwa udongo. Sisemi turudi huko. Nasema tofali za saruji zilizojengwa kwa mistari iliyonyooka hazina huruma ya namna hiyo, na tulipozileta ilibidi tulete na maarifa yake.)

Sasa udongo mwekundu wa kichanga, ule wa miteremko, ambao kila mtu anaupenda kwa sababu haunati wala haupasuki. Mwingi ni mzuri kweli. Lakini katika nchi kavu kuna aina ya udongo wa namna hiyo wenye tabia ya kuporomoka. Chembe zake za mchanga zimekaa kwa kuachiana nafasi, zimeshikiliwa na ufinyanzi kidogo au chumvi kwenye maungio. Ukiwa mkavu unabeba mzigo bila kulalamika. Ukilowa huku umebebeshwa, maungio yanayeyuka, chembe zinaangukia kwenye nafasi zilizokuwa wazi, na ardhi inatitia ghafla bila mzigo kuongezeka hata kilo moja.

Mvua peke yake mara nyingi haiufikii wote, maana hailoweshi ndani sana. Sisi ndio tunaoupelekea maji. Tunaezeka bati, tunafunga gata upande mmoja, bomba la kushusha maji tunalielekeza kwenye kona, chini yake tunaweka tanki la plastiki la lita 5,000 lenye bomba linalovuja. Wanafunzi wananawa pale pale. Baada ya misimu miwili kona ile imeshuka na ufa wa ngazi umepanda kutoka chini mpaka kwenye linta, huku kona nyingine tatu zikiwa salama. Nimeshaitwa kwenye jengo la aina hiyo, katika halmashauri ambayo sitaitaja, na nikaonyeshwa fundi aliyelaumiwa kwa kuiba saruji. Inawezekana aliiba, sijui. Lakini ukuta wa nyuma, wenye saruji ile ile, haukuwa na hata alama.

Jennings na Knight wa Afrika Kusini waliliandikia tatizo hili tangu 1957, na kipimo chake kinajulikana. Kipande cha udongo ambacho hakijavurugwa kinawekwa ndani ya pete ya chuma yenye kimo cha milimita 20, kinabebeshwa mzigo hatua kwa hatua kikiwa na unyevu wake wa asili hadi kilopaskali 200, halafu kinamwagiwa maji. Unakaa unaangalia saa ya kupimia. Udongo mzuri, mshale unajongea kidogo na kutulia. Udongo mbaya, mshale unakimbia mbele ya macho yako. Kwa viwango ambavyo watafiti hao waliviweka baadaye, ikizidi asilimia 5 ni taabu, ikizidi 10 ni taabu kubwa. Chukueni asilimia 8: kwenye pete ni milimita 1.6 tu, lakini tabaka la mita 1.5 chini ya msingi likilowa lote, hizo ni sentimita 12.

Kipimo hiki siwezi kukifanya kwa sampuli mnazonitumia. Zinakuja kwenye viroba vya unga, juu ya basi, zimesagika, zimekauka, zimeandikwa “Shule ya Msingi” bila jina, bila kina, bila tarehe. Udongo uliovurugwa unafaa kwa chekeche, kihori na silinda. Kwa kuporomoka ni bure, kwa sababu ule mpangilio wa chembe ndio tunaoupima, na umeshavunjwa na sepeto. Kinachotakiwa ni bonge lililochongwa kwa mkono kutoka ubavuni mwa shimo, ukubwa wa tofali moja na nusu hivi, likafungwa kwa plastiki na kupakwa nta iliyoyeyushwa, likawekwa kwenye boksi lenye pumba za mbao na kuandikwa upande wa juu ni upi. Kijana aliyefundishwa asubuhi moja anaweza.

Chumvi nitaipitia kwa kifupi, ingawa inastahili barua yake. Nchi yenye mbuga ya chumvi kule Bahi na jasi inayochimbwa Itigi haiwezi kujidai kwamba udongo wake wote ni mtamu. Jua linavuta unyevu juu, unyevu unakuja na chumvi, maji yanaruka, chumvi inabaki. Ndiyo ile nyeupe mnayoiona ukutani usawa wa goti, ambako plasta inabanduka na tofali linakuwa unga. Salfeti hushambulia saruji, kloridi hula nondo. Vipimo vyote viwili ni vya kemia ya kawaida, na maji ya kisima mnayokorogea zege yapimwe pia.

Hapo hapo niwaseme na wenzangu wa maabara. Mazoea yetu ni kukausha kila sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110 na kuhesabu uzito uliopotea kuwa unyevu. Jasi ina maji yake ndani ya fuwele, karibu moja ya tano ya uzito wake, na joto hilo huanza kuyafukuza. Matokeo yake tunaandika unyevu ambao haukuwemo, na kila namba inayotegemea unyevu huo inapinda. Udongo wenye jasi hukaushwa kwa nyuzi 60, polepole, hata ikichukua siku zaidi. Mkurugenzi anayelipia kipimo ana haki ya kuuliza: mlikausha kwa nyuzi ngapi? Mkijibiwa kwa mshangao, tafuteni maabara nyingine.

Malambo. Nayaweka peke yake kwa sababu lambo likipasuka, ng'ombe wa kijiji kizima wanahama. Tunajua ufinyanzi unazuia maji, kwa hiyo tunatafuta ufinyanzi tunajenga tuta. Lakini upo ufinyanzi wenye sodiamu nyingi ambao ukikutana na maji safi chembe zake zinaachana zenyewe na kuelea. Tuta linaanza kutoboka ndani kwa ndani, kwenye ufa mdogo au pembeni ya bomba la kutolea maji, na mvua kubwa za kwanza zinamaliza kazi. Chekeche na vipimo vya kawaida haviutofautishi na ufinyanzi mwema.

Kipimo cha awali hakihitaji maabara. Chukueni punje ya udongo ukubwa wa harage, itumbukizeni taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua yaliyotulia, msiikoroge, mwiangalie kwa dakika kumi, kisha mwiache saa moja. Ikiporomoka na kulala chini huku maji yakibaki maangavu, si hoja. Ikizungukwa na wingu la maziwa linalosambaa sakafuni mwa glasi, simamisheni kazi na leteni sampuli. Maji ya kisima chenye chumvi msiyatumie: chumvi inazishika chembe zisiachane, na udongo mbaya utawadanganya kwamba ni mzuri. Wingu lisipoonekana pia msijihakikishie moja kwa moja, maana kipimo hiki huweza kuukosa udongo mbaya. Lambo kubwa lipelekwe maabara hata hivyo.

Mtaniambia haya ni mambo ya kitaalamu mno kwa miradi ya fosi akaunti, inayojengwa na mafundi wa kawaida bila mkandarasi. Wenzenu wa barabara wanayafanya siku zote. Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa usanifu wa barabara mwaka 1999 na kitabu cha majaribio ya maabara mwaka 2000, kwa kazi ya Maabara Kuu ya Vifaa. Mwongozo ule unautenga ukanda mkavu na ukanda wa mvua, una njia ya kukadiria uvimbe kutoka kwenye vipimo rahisi vya ufinyanzi, na hata pale unapokubali udongo wa nchi kavu upimwe nguvu kwa unyevu wa kushindilia, bado unadai upimwe tena baada ya kulowekwa siku 4. Wahandisi walioandika vile walijua kwamba ukame si ahadi. Sielewi kwa nini barabara inayoelekea shuleni ipimiwe udongo na shule yenyewe isipimiwe.

Na suala la fedha. Mwaka 2021, katika mpango wa UVIKO-19, nchi ilijenga madarasa 15,000, kila moja likitengewa Sh milioni 20. Ramani ilikuwa inajulikana, bei inajulikana, siku ya kukabidhi inajulikana. Ardhi ndiyo ilikuwa tofauti kila mahali. Ramani ya pamoja ni jambo jema, inaokoa muda na inazuia ujanja, nami siipingi. Ninachoomba ni kwamba ukurasa wa msingi usiwe wa pamoja. Juu ya jamvi jengeni sawasawa nchi nzima. Chini ya jamvi, mhandisi achague kati ya misingi mitatu au minne kulingana na kipimo.

Maana majibu yenyewe hayana maajabu. Kwenye mbuga, kama tabaka jeusi ni jembamba, linaondolewa lote na kujazwa kifusi kinachoshindiliwa kwa tabaka. Kama ni nene, hamisheni darasa mita mia hadi kwenye mwinuko, jambo ambalo likifanyika mapema halina gharama kubwa, ila mjadala na mwenyekiti wa kijiji. Ikishindikana kuhama, msingi ufungwe kwa mkanda wa zege wenye nondo chini na juu, na jengo lizungukwe na sakafu ya nje yenye upana wa kutosha ili maji yasinywee ukutani. Miarobaini ipandwe mbali. Mizizi yake inanyonya maji chini ya msingi kiangazi na kuukausha upande mmoja. Kwenye udongo unaoporomoka, mtaro uloweshwe na kushindiliwa kabla ya zege, na tanki lihamie mbali na kona. Kwenye chumvi, saruji inayostahimili salfeti na karatasi nzito ya plastiki chini ya jamvi. Mafundi wetu wanaweza yote haya. Hawajawahi kuambiwa lini lipi.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo mnaweza kuyaamua bila kusubiri waraka kutoka juu. Kwenye bajeti ya kila mradi, uwepo mstari wa kupima udongo unaotumika kabla ya mstari wa kuchimba msingi, na usihamishike kwenda kwenye rangi au madawati. Mashimo mawili kwa kila jengo, yenye kina cha mita 2 hadi 3, yachimbwe na wanakijiji kama sehemu ya nguvu zao, mhandisi au fundi sanifu akashuka ndani mwenyewe kuangalia tabaka. Akiona weusi, vinyweleo vyeupe vya chumvi au mchanga mwekundu unaoporomoka ukiugusa, aandike. Sampuli ziwe na jina la kijiji, kina na tarehe. Na taarifa ikirudi isifungiwe kwenye jalada la mradi mmoja: ofisi ya mhandisi iwe na daftari la udongo wa wilaya, kata kwa kata, ili atakayejenga zahanati karibu na shule ile miaka sita ijayo aanzie hapo.

Wale ambao majengo yenu yameshapasuka, msianze na plasta. Andikeni tarehe na upana wa ufa kwa kalamu pale pale ukutani, kila mwezi, kuanzia kiangazi mpaka masika. Ufa unaofunguka na kufunga kwa msimu unatoka kwenye udongo unaovimba. Ule unaofunguka tu pembeni ya tanki ni wa kutitia. Nikija, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza nitakayoisoma.

Vikao vya bajeti vinakaribia na mashimo yachimbwe kabla ya Desemba, yasijae maji. Atakayenitumia bonge lililopakwa nta, lenye lebo, nitampimia kabla ya wote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu wa maabara ya udongo,
Dodoma.

Nakala: Walimu wakuu wenye nyufa. Waganga wafawidhi wa zahanati. Mafundi wote wa fosi akaunti.